Msiifuate Rangi ya Kijani

Vijana wa Bombambili mna tabia moja inayonichosha. Mnakuja nyumbani kwangu asubuhi, shikamoo mnaitoa huku mkono uko mfukoni unatafuta simu, na kwenye simu kuna picha ya jiwe la kijani. "Mzee Nyoni, hebu cheki hii. Si shaba hii?" Nikisema siwezi kujua mpaka nione limelala wapi na kilima kikoje, mnatazamana mnacheka. Juzi mmoja wenu akaniambia siku hizi dunia nzima inatafuta shaba na nikeli za kutengenezea betri za magari, kwa hiyo nisiwacheleweshe. Yaani dunia imemtuma yeye, juu ya bodaboda, aje kunihimiza mimi.

Basi nimeamua kuandika. Kuandika si kazi yangu. Shule niliacha darasa la tano, na mwalimu alivyoniona naondoka wala hakuninyang'anya kitu zaidi ya chaki. Lakini nyumba hii mnayokuja kukaa barazani mwake nimeijenga kwa kusoma mawe, na msingi wake hauna ufa wa kuingiza wembe. Wapo niliosoma nao waliomaliza vidato vyote, mpaka leo wanahama chumba kila kodi ikipanda. Mimi goti ndilo lililonistaafisha, sio uzee, kwa hiyo nguvu za kuwasema bado ninazo tele.

Kwanza fungueni vichwa. Ninyi mnadhani madini yamemwagwa ardhini kama mahindi yaliyodondoka kwenye lori, popote utakapochimba unaweza kuokota. Kijana mmoja wa Msamala alinunua kimashine cha kupigia kelele chuma, akatembea nacho mashambani kama anapiga pasi. Kikalia. Akachimba mpaka kiunoni akiimba. Akatoa jembe la mpini uliooza, na mwenye shamba akamkimbiza kwa jembe lingine zima. Huyo ndiye anayejiita mtafiti.

Mimi nilianza kama mbeba mawe. Kampuni ya utafiti ilifika Mbinga, kwenye milima ya Umatengo, ikatafuta watu wenye mgongo. Mgongo nilikuwa nao. Wakanipanga kwa mjiolojia mmoja, Dada Kapinga, binti mwembamba wa huko huko Umatengo aliyekwenda kusoma Dar es Salaam akarudi na nyundo. Wabebaji wenzangu walimdharau wakisema milima itamshinda. Siku ya kwanza alitupeleka mpaka juu kwenye mgongo wa mlima, na waliokuwa wanamdharau walifika baadaye sana, mmoja akiwa amevua viatu amevishika mkononi.

Siku hiyo akanisimamisha.

"Nyoni, umebeba nini?"

"Mawe, dada."

"Mawe gani?"

"Mazito."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanitazama. "Kuanzia sasa, kila jiwe utakalolitia kwenye mfuko utaniambia limetoka upande gani wa mlima, na tabaka lake limelalia wapi. Ukishindwa unalirudisha."

"Kulirudisha kule juu?"

"Kule kule."

Nilirudisha ya kutosha, kisha macho yakafunguka. Wenzangu hawakufunguka, waliendelea kubeba mizigo mpaka kampuni ilipoondoka, wakabaki na migongo yao. Mimi kila jioni nilikuwa namuuliza maswali mpaka anachoka. Alikuwa anajua, sitaki kumnyima haki yake, na mimi nilikuwa na kichwa cha kunasa. Wengi walipita mikononi mwake. Aliyenasa ni mimi.

Somo kubwa alinipa kwa vitenge. Tulikuwa tumepanga kwa mama mmoja, na vitenge vyake vilikuwa vimekunjwa vimepangwa juu ya meza, kimoja juu ya kingine. Dada Kapinga akaweka viganja viwili, kimoja huku kimoja huku, akalisukuma lile rundo. Likabinuka katikati likawa kilima.

"Tazama hapa juu kwenye kiwiko," akaniambia. "Ubavuni vitenge vimebanana. Lakini hapa kwenye kiwiko vimefanyaje?"

"Vimeachana."

"Umeona uwazi? Humo ndimo madini yanamoingia."

"Na mwenye vitenge akiingia?"

"Akiingia, wewe ndiye utakayevikunja upya."

Nilivikunja mimi. Lakini tangu siku ile nikitazama mlima sioni tena mlima, naona rundo la vitenge lililosukumwa.

Maana milima ndivyo inavyotokea. Zamani, kabla hakijakuwepo kiumbe chenye mfupa, nchi mbili kubwa kama mabara zilisogeleana polepole zikagongana. Zikisukumana hivyo, matabaka ya mawe katikati yanakunjamana, mengine yanapanda juu, mengine yanazamishwa chini kabisa kwenye joto. Jiwe likibanwa na kupashwa moto kule chini linatoa jasho. Msinicheke. Ndani ya mawe kuna maji, na kule chini yanakuwa ya moto mno, yenye chumvi kali, lakini hayachemki kwa sababu mzigo ulio juu yake hauupi mvuke nafasi. Maji ya namna hiyo ni mwizi. Yanapita kwenye mawe yakichota shaba kidogo hapa, kidogo pale, shaba ambayo ilikuwa imetawanyika kiasi kwamba hata ungesaga kilima kizima usingeiona.

Mama zenu wakitengeneza magadi ya majivu mnakuwa mmelala, ndiyo maana hamjui kitu. Majivu yanatiwa kwenye chungu chenye matundu, maji yanamiminwa juu, yanachuruzika chini yakiwa yameiba ukali wote wa majivu. Ukiyachemsha, ukali unabaki umeganda. Mlima ni hivyo hivyo. Majivu ni mawe, na maji ni yale ya moto. Yakipata ufa yanapanda mbio, yanaingia kwenye uwazi wa kiwiko, huko kuna baridi kidogo na mzigo umepungua, au yanakutana na jiwe la aina nyingine lisiloelewana nayo. Yanashindwa kubeba yalichoiba. Yanakitua hapo. Huo ndio mwamba wa shaba. Sio bahati, wala sio mzimu wa mtu.

Nikeli ina njia yake nyingine, na kobalti hupenda kufuatana nayo. Hiyo huja na uji wa mawe yaliyoyeyuka, unaopanda kutoka chini sana. Ule uji ukikutana na kiberiti, yaani salfa, cha kutosha njiani, unatokea umande mzito wa chuma, nikeli na shaba, unazama chini ya uji. Aliyekula dagaa wa Nyasa waliooshwa haraka anajua mchanga unakaa wapi kwenye sufuria. Nikeli itafute chini ya sufuria. Mkitafuta juu mtakunywa mchuzi tu.

Sasa mtaniambia, "Mzee, lakini Tunduru ni tambarare, milima iko wapi?" Hilo swali mnaniuliza kila mara kana kwamba mmenikamata. Milima huisha. Mvua huilamba mwaka hadi mwaka, na imekuwa na muda mrefu kuliko mnavyoweza kufikiri. Vile vilima vya mawe mnavyoviona vimesimama peke yake mkienda Masasi, mkipita hapo mnatembea kwenye mizizi ya milima iliyokuwa mirefu kuliko yote mnayoijua. Na mizizini ndiko yale mapishi yalikofanyikia. Mvua imetufunulia sufuria, na bado mnapita juu yake mkiulizana ilipo.

Hapo ndipo nafika Nakapanya, huko huko Tunduru, maana ninyi msipopewa hadithi hamsomi.

Bakari tulichimba naye mitaro ya kampuni. Kwao ni Nakapanya, na mama yake, Bi Somoe, alikuwa na shamba la mikorosho chini ya kilima, mikubwa, matawi yake yanafika chini unaweza kujificha na mvua. Aliachiwa na mama yake. Baba yake Bakari alifariki mapema, kwa hiyo Bakari na dada zake wote walikuzwa na ile mikorosho: sare, daftari, sukari ya futari, yote korosho.

Siku moja Bakari akawa anachimba choo pembeni ya shamba. Akatoa mawe yenye kijani. Choo kikaishia hapo, na kwa muda mrefu wageni wa nyumba ile walipata shida. Bakari alichojua yeye ni kile wanachojua wachimbaji wote wa kule: ukiona kijani unakifuata, na kijani kilikuwa kinaelekea chini ya mikorosho. Akampata dalali mmoja tuliyekuwa tunamwita Sampuli, kwa sababu mifuko yake ya suruali ilijaa vijiwe mpaka ikawa inalia akitembea. Sampuli akamwambia mnunuzi yupo, ila anataka kuona shimo kubwa, sio tundu la choo. Mikorosho ikatwe.

Bi Somoe hakukataa. Ndilo jambo ambalo mngeshindwa ninyi kulielewa. Alisema, "Mkinihakikishia kitu kipo, kateni, maana na mimi nimechoka kupanda miti na umri huu. Lakini mkikata kikakosekana, mimi nitakula nini?" Mkorosho mpya unaanza kukupa kitu baada ya miaka, na ule wenye kivuli kama kile hawaupati ila wajukuu. Ndipo Bakari akanipigia simu nije nithibitishe. Alitaka niseme ndiyo. Kosa lake ni kumwita mtu anayejua.

Nilifika nikamkuta Sampuli amekaa kwenye kigoda, mashoka mawili yameegemezwa ukutani, yamenolewa. Bi Somoe anaanika korosho kwenye turubai. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu, karibu. Maji yapo kwenye mtungi."

Sampuli akaniangalia mikono. "Huyu ndiye mtaalamu? Mbona kama mchoma mkaa?"

"Na wewe mbona mifuko yako kama ya mtoto aliyetoka kuoga mtoni?"

Bakari akacheka, akakumbuka kuwa yuko upande wa Sampuli, akakunja uso.

Nikaingia kwenye lile shimo la choo. Udongo mwekundu, na ndani yake mawe ya duara, laini pembeni. Nikayatazama, nikajua kazi imekwisha kabla sijagonga. Nikaligonga moja. Kijani kilikuwa nje tu, kama rangi ya mlango. Ndani jeupe.

"Bakari, hakuna kitu hapa."

"Nyoni, macho yako yana nini? Kijani hicho unakishika."

"Pasua mwenyewe."

Akapasua. Jeupe. Akapasua lingine.

"Jiwe la duara limebingirika," nikamwambia. "Limetoka juu. Na kijani hiki ni kutu ya shaba iliyoyeyuka kwenye mvua ikashuka na mtelemko. Ni jasho hili. Mwenye kutoa jasho hayupo hapa."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha kilima.

Sampuli akacheka kwa pua. "Kule kuna kutu nyekundu tu. Nimepita. Hata mbuzi hawapandi."

"Ndiyo maana umepita."

Maana mimi nilipokuwa nakuja nilishakizunguka kile kilima kwa macho. Upande mmoja matabaka yameinamia mawio, upande wa pili yameinamia machweo. Rundo la vitenge. Kiwiko kiko kwenye mgongo wa kilima, na mgongoni pale kuna ile kutu, nyekundu iliyoiva, ambayo wachimbaji wote wa kule huiruka wakisema ni chuma kibovu. Ile ni kofia. Chini ya kofia kuna kichwa.

Bi Somoe alikuwa anasikiliza huku anageuza korosho. Akaniita.

"Mwanangu, unasema hivi kwa sababu unajua, au umenionea huruma?"

"Huruma siiwezi, mama. Najua."

"Kama unajua, kalete. Nikimaliza kuanika hizi na hujarudi, mimi nitawaachia shoka. Sitaweza kulumbana na mwanangu kila siku mpaka nife."

Nikapanda na moko yangu, yaani nyundo na patasi, na jirani mmoja mwenye sururu aliyekuja kwa sababu ya kutaka kucheka. Tukakata mtaro kuvuka mgongo wa kilima, sio kuufuata. Mnaofuata mgongo mnaweza kwenda sambamba na madini mpaka mkafika Masasi bila kuyagusa. Kutu ya juu ilikuwa nyepesi, yenye matundu kama sega lililokamuliwa, maana kilichokuwamo kimeshasombwa na mvua kikaenda kupaka rangi mawe ya choo cha Bakari. Jirani akasema, "Kaka, hili sega halina asali." Nikamwambia atulize mdomo achimbe. Tulishuka mpaka sururu ikaanza kukataa na jiwe likaanza kuwa zito. Likabadilika sauti. Jiwe tupu hulia kama bati, jiwe lenye kitu humeza nyundo. Nikapasua, ndani manjano yenye kung'aa, na mistari ya zambarau kama shingo ya njiwa.

Jirani akaacha kucheka.

Hapo hapo tukasikia chini kishindo, na ndege wakaruka. Bakari hakungoja. Sampuli alikuwa amemwambia mnunuzi yuko njiani na Mngoni huyu anatupotezea muda. Wakaangusha mkorosho ule mkubwa kuliko yote, ule wa karibu na choo.

Nikashuka na jiwe begani. Nilikuta mizizi imetazama juu, na chini yake udongo mwekundu mtupu, mawe ya duara machache, basi. Bakari amesimama na shoka, jasho linamtoka, hajui aliweke wapi. Sampuli anachokoachokoa shimo kwa kijiti. Bi Somoe amekaa kwenye gogo la mti wake, anachuma korosho zilizobaki kwenye matawi yaliyolala, moja moja, anatenganisha na mabibo, anaziweka kwenye ungo kama siku yoyote nyingine.

Nikaweka jiwe mbele yake, nikaligonga likamega. Akainama, akanusa.

"Hii mbona inanuka salfa? Salfa tunayopulizia mikorosho?"

"Ndiyo, mama. Shaba ikiwa bado chini hukaa pamoja na salfa."

"Na imetoka kule juu?"

"Juu."

Akamgeukia mwanawe. "Bakari. Kila mwaka nahangaika kutafuta mifuko ya salfa niokoe hii miti. Kumbe kilima kizima nyuma ya nyumba kinanuka salfa, na wewe uko hapa chini na shoka."

Sampuli akasema mti mmoja si hoja, Bi mkubwa, kilima kikianza kutoa utasahau. Bi Somoe hakumtazama. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, unainua turubai na korosho zinakimbilia katikati. Akanyanyuka, akalibeba lile jiwe kwa mikono miwili, akalipima uzito, akaenda nalo polepole mpaka kwenye turubai, akaliweka kwenye kona. Kona ile ikatulia.

"Panda ukalete mengine," akaniambia. "Turubai lina kona nne."